Mtaa wa Jiwe Lisilokuwepo

Ile Jumamosi bado naiona, mwanangu, hata sasa nikiwa nimekaa hapa nachambua maharagwe. Mwezi wa nne ulikuwa unakwisha, na barafu ya ziwa ilikuwa inashuka na mto. Wewe umekulia huku, umeshaizoea. Mtu aliyezaliwa milima ya Minembwe kule Kongo hawezi kuizoea. Jua linawaka, watoto wanacheza nje bila koti, miti imeanza kutoa majani, halafu ukifika chini mtoni unakuta vipande vyeupe vinapita, vingine vikubwa kama paa la nyumba, polepole, bila sauti, na ng'ambo ile unaona Kanada kama mtu aliyekaa kimya. Nilikuwa nikivitazama mpaka nasahau nimetoka nyumbani kufuata nini.

Nakusimulia haya kwa sababu Jumapili baada ya ibada wewe, kijana wetu wa kanisa, ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, mji huu hauna kitu, sisi tunahamia Columbus." Nilicheka tu, nawe ukadhani nimekubali. Sasa kaa. Chai ipo, na mimi sina haraka.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi na magoti hayakuwa yakilia nikipanda ngazi. Neema alikuwa mtoto wa shule, mdogo wake bado nambeba mgongoni, na sebule yetu hapa Black Rock, mtaa huu wa Buffalo, ilikuwa imejaa makatoni. Usinitazame hivyo. Na sisi tulikuwa tunahamia Columbus.

Amerika ilitupokea Louisville. Ni mji wenye joto zuri na watu wenye salamu ndefu, na ningeweza kukaa pale. Lakini binamu yake Baba Neema akapiga simu kutoka Columbus: kuna kazi katika maghala, saa nyingi, njooni. Tukaenda. Tukapanga karibu na Gahanna, mahali ambapo ndege hupita chini sana zikielekea uwanjani, mpaka Neema alikuwa akiwapungia mkono abiria. Kisha watu wa kanisa wakapiga simu kutoka Buffalo: huku nyumba ni rahisi, mtu wa kawaida anaweza kununua yake, yenye ngazi na ua. Tukaja. Tukanunua. Theluji ikaanguka, ikaanguka tena, na binamu akapiga simu kwa mara nyingine. Ndivyo tulivyoishi, mwanangu. Simu ikilia, sisi tunafunga mizigo.

Sikupinga, nakuambia kweli. Nilifurahi. Mtaa huu niliuona umekufa. Nyumba moja ina watu, ya pili ina mbao madirishani, ya tatu mti umeota ndani ya varanda. Kando ya reli kulikuwa na kiwanda cha matofali mekundu kisicho na kioo hata kimoja, na njiwa ndio waliokuwa wenye kiwanda. Jioni nilisikia viatu vyangu mwenyewe vikigonga barabara, nikaharakisha kama mtu anayefuatwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikwaruza moyo, nacho ni Neema. Siku moja nilimuuliza yule msichana anayekaa naye darasani anaitwa nani. Akanijibu kwa Kiingereza, bila hata kuinua macho, kwamba hajamuuliza jina kwa sababu si tutahama. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyosema kesho ni Jumatatu. Niliendelea kukunja nguo, nikakunja shati lile lile mara mbili.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, nywele nyeupe pe. Alikuwa na maua mbele ya nyumba na pazia la lesi dirishani. Akitoka kumwagilia tunapungiana mkono; akiingia, imekwisha. Sisi watu wa kanisa tulimwita "ule bibi wa maua". Kwa miaka yote tuliyokuwa tumekaa hapa, hilo ndilo tulilolijua juu yake.

Sasa Jumamosi hiyo naamka, nafungua mlango, nakuta magari yameegeshwa pande zote mbili za barabara. Mlango wa bibi uko wazi kabisa, umewekewa tofali usijifunge. Watu wanaingia na kutoka bila kelele, sura zao nzito. Wanaume wawili wanatoa viti nje. Mwanamke mmoja anashuka ngazi anajifuta macho kwa kitambaa. Baadaye tulijua ni vumbi la darini. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikatazama.

Wakati huo huo akapita Koko Debora. Wewe hukumkuta. Alikuwa mzee kuliko wote kanisani kwetu, ndiyo maana kila mtu alimwita Koko, bibi. Alikuwa mfupi, mkali, na mkono wake ulikuwa mwepesi kukugonga begani ukiwa mjinga.

"Mama Neema! Kuko nini kwa ule bibi?"

"Sijue, Koko. Naona batu banaingia tu."

"Ulienda kuuliza?"

"Hapana."

Akatazama. Akaona viti vinatoka. Akatazama mlango ulio wazi, magari, yule mwanamke na kitambaa chake. Akashika kichwa.

"Mbona banatosha viti inje? Ni kilio! Ule mama amekufa, na sisi tunakaa hivi kama batu benye habakuzaliwa na mama. Pigia bamama simu."

Mwanangu, ningefikiri nini kingine? Huku mtu akihama, au akifa, wenye mji hufungua nyumba yake ili watu wasiomjua waingie chumba kwa chumba wanunue vyombo vyake. Hilo tulikuwa hatujaliona. Kwetu mlango hufunguliwa namna ile, na magari ya wageni hujaa namna ile, kwa sababu moja tu. Na matanga ya kwetu hayangoji mwaliko. Ukisikia, unakwenda. Unakwenda na kiti chako ili usiwasumbue wafiwa, na chakula chako ili wasipike, unakaa. Hata kama huna la kusema, unakaa.

Basi tukapika. Sufuria yangu kubwa ilikuwa ndani ya katoni, na bila shaka katoni lile lilikuwa chini ya mengine yote. Baba Neema akalifungua huku ananung'unika. Mmoja akaja na sombe ya majani ya muhogo, mwingine na wali na maharagwe, mwingine na mandazi, na mimi nikachemsha chai ya maziwa mpaka ikapanda rangi. Kabla ya saa sita tulikuwa tunavuka barabara: kina mama na vitenge viunoni, wanaume wamevaa makoti ya suti, viti vya plastiki vichwani. Magari yakasimama kutupisha. Tukapanga viti kwenye majani mbele ya maua ya bibi, tukakaa safu kwa safu, na Koko Debora akaanzisha wimbo.

Wale waliokuwa ndani wakatoka mlangoni kutazama. Mmoja ameshika taa ya mezani, mwingine kikaango. Bwana mmoja mwenye kofia akadhani viti vyetu navyo vinauzwa. Akaja akakishika kile ambacho Baba Neema alikuwa karibu kukikalia, akakigeuza, akakagua miguu yake. Nikamsikia mume wangu anasema kwa upole wote wa siku ya msiba, "Bwana, hii ni yangu," na yule bwana hakuelewa neno ila alikiacha.

Kisha akatoka mwanaume wa makamo, uso mwekundu, kalamu sikioni. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kidogo, kile cha kazini, cha kuwaambia wazee ninaowatunza wainue mkono niwavishe shati. Nikasimama, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia pole sana kwa kumpoteza mama.

"Ni shangazi yangu," akasema. "Na hajapotea. Yuko jikoni."

Nikawageukia wenzangu. "Anasema eko jikoni."

Wimbo ukakatika. Koko Debora akaniinamia akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kulisikika mpaka mtoni: "Bazungu banaweka maiti ku jikoni?"

Ndipo bibi wa maua akatokea mlangoni kwa miguu yake, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kikombe. Akatutazama sisi sote, safu zetu, sufuria zetu, vitambaa vyetu vya kufutia machozi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

Watu wote wakanitazama mimi. Nilitamani nyasi zinimeze.

"Ni wewe, bibi," nikasema.

Koko Debora akapiga makofi, "Yesu! Eko muzima!" na kina mama wakapiga vigelegele vilivyowafanya njiwa wa kiwandani waruke wote. Bibi akacheka. Alicheka mpaka kikombe kikamwagika, mpwa wake akamshika kiwiko, naye bado anacheka. Halafu nikaona kicheko kimegeuka, mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa analia.

Akasema, "Tangu asubuhi watu wananiuliza bei ya sahani zangu. Ninyi mmekuja kunililia. Basi msiondoke. Nipeni na mimi kiti."

Alikaa katikati yetu. Jina lake lilikuwa Wanda, jina lililotukaa mdomoni bila taabu, tukashangaa kwamba siku zote lilikuwa hapo ng'ambo ya barabara na hatukulitumia. Alikula sombe, akauliza ni majani gani, akaongeza. Wanunuzi waliendelea kutoka na vitu vyake, naye hakugeuka kuwatazama. Koko Debora akaniambia nimuulize alizaliwa wapi. Bibi Wanda akainua fimbo akaelekeza dirisha la juu la nyumba yake. "Chumba kile," akasema.

Nilitafsiri, na watu wakageuza shingo kulitazama dirisha lile. Katika watu wote waliokaa kwenye majani yale, hakuna hata mmoja ambaye nyumba aliyozaliwa ilikuwa bado imesimama.

Ndipo akaanza kutusimulia. Sikiliza vizuri hapa, maana huu ndio urithi aliotuachia, na mimi sina mwingine wa kukupa. Alisimulia taratibu, nami natafsiri taratibu, na jua lilikuwa la uvuguvugu, na upepo wa mtoni uliokuwa na baridi ya barafu ulitupitia usoni kila mara. Nilianza kuona mambo ambayo hayapo.

Alisema jina la mtaa huu ni la jiwe. Hapo mtoni palikuwa na mwamba mweusi, mpana, ulioingia majini kama meza, na mitumbwi ilikuwa ikisimama kwake tangu enzi za wenyeji wa kwanza wa nchi hii. Watu wakajenga karibu na mwamba, pakawa kijiji chenye jina lake na bandari yake. Buffalo wakati ule ilikuwa kijiji kingine, jirani na mshindani. Vikaja vita, askari wa Waingereza wakavuka mto kutoka kule Kanada, wakachoma vijiji vyote viwili.

Hapo Koko Debora akanishika mkono. "Muulize. Hata hapa balichomewa nyumba?"

Nikamuuliza. Bibi Wanda akaitikia: hata hapa. Watu walikimbia kwenye theluji na watoto wao. Kisha walirudi.

"Balirudi," Koko akasema, kama mtu anayeonja kitu. "Bon. Endelea."

Waliporudi, walijenga tena. Ukaja mfereji mkubwa wa kuleta meli kutoka upande wa bahari, na vijiji vile viwili vikagombana mfereji uishie wapi. Buffalo ikashinda. Na ili mfereji upite, ule mwamba mweusi ukapasuliwa kwa baruti, ukaondolewa wote. Jiwe likaondoka, jina likabaki. Buffalo ikawa mji, ukanenepa kwa ngano iliyoshushwa melini na kupandishwa ghalani, na siku moja ukaimeza Black Rock yote, barabara na watu wake.

Lakini mtaa haukufa, alisema. Ikaja reli, likaja lile daraja la treni unaloliona, vikaja viwanda. Babu yake Bibi Wanda alitoka Poland akiwa hajui neno la Kiingereza, akapata kazi ya kuyeyusha chuma. Kila mtu alitoka mahali. Barabara moja ilikuwa ya Wajerumani, nyingine ya Wapolandi, kule Wahungari, kila watu na kanisa lao, na Jumapili kengele ziligombana angani kila moja ikiita kwa lugha yake. Ving'ora vya viwanda vilipolia, wanaume walijaa barabarani kutoka ukuta hadi ukuta. Palikuwa na mwokaji mikate kwenye kona, na mke wake aliwapa watoto mkate wa jana bure. Bibi Wanda alikuwa mmoja wao.

Nilitazama ile kona, mwanangu. Ilikuwa kiwanja chenye majani na kitanda kibovu. Lakini naapa nilisikia harufu ya mkate. Nikaona barabara imejaa, wanaume wenye kofia na vyombo vya chakula vya bati, wanawake wanafagia ngazi na kuitana kwa lugha nisiyoijua, nikaona kiwanda kimerudisha vioo vyake na moshi unapanda. Na katikati ya watu wale niliwaona wetu na vitenge vyao na viti vyao vya plastiki, wala hakuna aliyemshangaa mwenzake. Kila mtu alikuwa anakwenda zake. Sikujua tena ni nani mgeni. Mtoto mgongoni akakohoa, nikarudi.

Bibi Wanda alikuwa anamalizia. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wakahamia Amherst na kwingine, palipo na nyasi pana na magari mawili kila nyumba. Makanisa yakanyamaza. "Mimi nilibaki," akasema, "nikawa nazima na kuwasha taa ya varanda, niwaonyeshe walioondoka kwamba kuna mtu." Akatuzungushia macho. "Kisha nikaanza kusikia watoto tena asubuhi. Nilikuwa nawasikiliza nyuma ya pazia. Sikujua kama mngependa niwasumbue."

Niliona haya, nikameza chai.

Mpwa wake alikuwa amesimama nyuma yetu muda mrefu, kalamu bado sikioni. Akaniita pembeni. Akanieleza kwamba alikuwa anampeleka shangazi yake katika nyumba ya wazee huko Amherst, karibu na kwake, kwa sababu bibi alianguka jikoni majira ya baridi na akalala sakafuni hadi kesho yake. Hakuwa na mtu mtaani. Nyumba imeshauzwa, kitanda kimeshaondoka asubuhi ile. Akawatazama watu wetu, akasema, "Ningejua mpo, ningesubiri."

Tulikuwepo. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvuka mji mzima kwa basi kwenda kuwainua wazee wa watu wengine, na huyu alilala sakafuni mbele ya mlango wangu. Nikarudi kwenye kiti changu, nikawaambia wenzangu kwa Kiswahili alichosema. Baba Neema akainamisha kichwa. Koko Debora akanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa karibu na mkono wake.

"Mama Neema. Jina ya huyu mama ni nani?"

"Wanda, Koko."

"Uliijua lini?"

"Leo."

"Mimi nilitoka kule milimani na miguu, mpaka Uvira. Njiani batu benye hatubajui balitupatia mayi ya kunywa. Na mbele ya kutupatia, bilikuwa ni jina banauliza kwanza. Sasa tuko na nyumba, tuko na mayi ya moto ndani ya ukuta, na hatuulize mutu jina. Na wewe tena unafunga makatoni. Munaenda kutafuta nini?"

"Kazi, Koko. Baba Neema amepata depo nzuri, ghala kubwa, kule Gahanna."

"Kazi ni muzuri, siikatae. Donc niambie tu kitu moja. Kule Columbus kwenye mulikaa zamani, siku mulitoka, nani alilia?"

Nikatafuta. Nikakumbuka ngazi za jengo lile, mwanamke wa chini mwenye mbwa mdogo, harufu ya vitunguu vyake kila jioni. Sikuwahi kujua anaitwa nani. Tulipopakia gari alikuwa dirishani, akatupungia, nasi tukampungia.

"Hakuna," nikasema.

"Na kule Louisville?"

Nikakaza kitenge cha mtoto mgongoni.

"Mutahama, mutahama," akasema, na sasa sauti yake haikuwa kali, na hilo lilinitisha zaidi, "siku moja batoto benu bataishi ndani ya makatoni. Batakuwa bakubwa, batapata kazi, batapata manyumba, na ndani ya roho bataacha makatoni bila kuyafungua. Mutu wa hivyo unamuonea huruma, juu ya nini? Juu ya hata hajue kama amepoteza kitu."

Hakuwa anajua habari za Neema na msichana wa darasani. Sikuwa nimemwambia mtu. Nililia pale kwenye viti, mwanangu, na kwa kuwa tulikuwa kwenye matanga hakuna aliyeniuliza sababu.

Tuliporudi nyumbani Baba Neema aliiosha ile sufuria kubwa mwenyewe, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Akasimama nayo katikati ya sebule, hajui aiweke wapi.

"Bon," akasema. "Binamu atakasirika."

"Atakasirika."

"Na barafu itarudi."

"Itarudi kila mwaka," nikamwambia. "Weka sufuria ku kabati."

Akaiweka. Binamu alikasirika kweli, akanuna mpaka Krismasi. Baba Neema alipata kazi ya kiwanda hapa hapa, kazi ya kelele na vumbi, na kuna siku za theluji alinitazama kwa jicho ambalo nililielewa vizuri. Sikuambii kwamba kukaa kulikuwa rahisi. Tulikaa.

Bibi Wanda aliondoka. Hilo hatukuweza kulizuia. Tulikuwa tumechelewa kumjua, basi. Lakini nikawa naenda Amherst kumwona, na chai ya maziwa kwenye chupa. Kila nikifika swali lake lilikuwa moja: mtaa haujambo? Ile nyumba ya kona sasa nani anakaa? Na ile ya matofali? Mara ya kwanza sikumjua hata mmoja wao. Nilikaa kitako kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Basi nikaanza kugonga milango ili nipate cha kumwambia. Nilikwenda na Neema, kwa kuwa niliona aibu peke yangu, naye mwanzoni alisimama nyuma yangu anatazama viatu. Nyumba ya kona tukawakuta watu wa Burma waliopanda mboga mpaka kwenye mifereji ya paa. Nyumba ya matofali, kinyozi wa Puerto Rico na mama yake. Kwenye ile ndefu, dada wawili wa Kisomali ambao walitulazimisha kula. Na katika nyumba niliyodhani ni tupu alikuwepo mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Alitufungulia mlango akasema hajagongewa na jirani tangu mkewe afe. Neema ndiye aliyemuuliza jina.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba, akaniambia yule msichana wa darasani anaitwa nani, anakaa wapi, ana ndugu wangapi na kwamba anaogopa paka. Nikageukia jiko nisionekane uso.

Mara ya mwisho nilipomwona Bibi Wanda ilikuwa wakati wa theluji. Akili yake ilikuwa imeanza kuelea. Aliniita kwa jina la dada yake, nikaitika. Akaniuliza mtaa haujambo. Nikaanzia konani kama kawaida, nikamtajia mmoja mmoja: wale wenye mboga, kinyozi na mama yake, dada wawili wa nyumba ndefu, sisi na watoto wetu, Koko Debora na fimbo yake mpya. Alikuwa amefumba macho, na kila jina aliitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akatabasamu.

"Naam, hao," akasema. "Wamekaa pale siku zote."

Sikumsahihisha. Nilimfunika miguu, nikakaa naye mpaka akasinzia. Hakumaliza majira yale ya baridi. Matanga yake ya kweli tulialikwa, kwa simu, na mpwa wake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, Columbus sikukatazi. Ni mji mzuri, na kama kazi inakuita kweli, nenda, nitakufungia mandazi ya njiani. Ninachokukataza ni kusema mji hauna kitu na wewe hujagonga mlango hata mmoja. Mji huu umechomwa, umemezwa, umenyang'anywa hata jiwe lililoupa jina, ukaachwa na watoto wake, na kila mara ulikua tena kwa watu waliofika hawana kitu wakaamua kujuana. Popote utakapotua, fanya hivi kabla hujatundika pazia: pika kitu, vuka barabara, sema jina lako, uliza la mwenzako. Uliza mahali hapo palikuwa nini kabla yako, uwaambie wanao, wajue wamesimama juu ya nini. Na kama kuna mzee karibu nawe, kaa naye mapema. Sisi mzee wetu tulimpata akiwa anaondoka.

Haya, lete kichwa chako. Mungu aliyetuvusha mito yote ile akutangulie na wewe. Akupe kazi isiyokuvunja mgongo, nyumba isiyovuja, na watoto wenye marafiki wa kugombana nao. Akupe majirani watakaolia siku ukihama. Na ukizeeka, mtu akiulizwa wewe ni wa wapi, asifikirie mara mbili; aseme huyo amekaa hapa siku zote. Amina.